Mkaguzi wa Kuridhika

Hubert aligundua kwamba mjini Bunia hakuna aliyewahi kuwauliza watu kama wameridhika. Kampuni za simu zinawakata makato na kuwaamsha kwa ujumbe alfajiri, lakini kuwajulia hali, hata siku moja. Basi akavaa tai, akaning'iniza shingoni kadi aliyojitengenezea, akaingia sokoni kama mkaguzi wa kuridhika kwa wateja wa pesa za simu.

Mtego wenyewe ulikuwa mwepesi. Leo anamtumia mteja dola mia kwa simu, za kweli, naye mteja anamrudishia themanini taslimu. Ishirini ni zawadi ya kuendelea kutumia huduma. Kesho anarudi na elfu nzima, ila safari hiyo ni ujumbe wa uongo, anaondoka na mia nane. Mia ya kwanza ndiyo ilikuwa kodi yake ya nyumba na chakula chake.

Mama Françoise, muuza vitenge, alimpa kiti na kujibu maswali yote kwa upole. Pesa ilipoingia alitazama salio mara mbili, kisha akatoa noti nne za dola ishirini zilizokunjwa vizuri.

Hapa tai ndiyo iliyomponza. Bunia nzima, anayepokea dola huiinua juani kutafuta mchaniko, maana iliyochanika hata kidogo haipokelewi na mtu. Lakini mtu wa kampuni kubwa ataanzaje kukagua noti za mama wa sokoni? Hubert akazitia mfukoni, akashukuru kwa Kifaransa, akaahidi kurudi kesho na elfu nzima.

Mwenye mgahawa akazikataa zote nne. Mbadilisha pesa alizishika kwa vidole viwili, akamwonyesha mchaniko kwenye kila moja, akamrudishia. Hubert aliumia kweli, na angeshtaki wapi, na kadi ile? Alikuwa ameketi kando ya barabara na njaa yake simu ilipolia.

“Baba Hubert, siye tuko tunakungoja kesho,” alisema Mama Françoise. “Nimeelezea bamama wenzangu vile kampuni yenu iko muzuri. Kila mutu amefungua sanduku yake. Ile mia nane yako imeisha kutimia.”

Hubert akajikaza, akauliza kwa sauti ya ofisini kama noti hizo ni za namna ileile.

“Hapana, baba,” akasema Mama Françoise. “Zile nilikupatia leo ndizo zilikuwa za muzuri.”