Ukuta wa Kitambaa

Jumatatu, 3 Machi

Nimekwisha! Karatasi imebandikwa mlangoni mwa karakana. Kikosi cha Zimamoto kitapita mtaani Ijumaa, kukagua na kufundisha watu. Kufundisha, sawa. Kukagua ndiko kunakonikata maini. Wanataka mlango wa dharura ufunguke. Wangu haujafunguka tangu mwaka juzi. Mimi ni fundi makochi, na sponji zangu zimepangwa mbele yake kuanzia sakafuni hadi darini. Ukishindwa ukaguzi, karakana inafungwa.

Mke wangu akasema si niziondoe tu. Niziweke wapi, kichwani? Akanikumbusha kwamba mama yake anaishi juu, miguu mibovu, na ngazi zake zinashukia humuhumu karakanani. Nikamwambia aache kuniitia mikosi.

Kinyozi, jirani yangu, keshatundika mtungi mwekundu wa kuzimia moto. Anaupangusa kwa taulo la wateja. Akaniuliza kama mimi nitazima kwa mate.

Jumanne, 4 Machi

Akili imenijia nikiwa napiga stapla. Wakikuta mlango umezibwa, wananifungia. Wasipokuta mlango je?

Nimeunda fremu ya mbao, nikaivalisha kitambaa kizito cha rangi ileile ya ukuta, nikaisimamisha mbele ya sponji. Hauna mkunjo hata mmoja! Mshono hauonekani. Juu yake kalenda. Mke wangu akaingia, akatazama huku na huku, akauliza mbona karakana imekuwa ndogo. Nikafurahi.

Jumatano, 5 Machi

Afisa wa Zimamoto amekuja mapema. Mwanamke mfupi, buti kubwa. Mtaa mzima unamwita Afande. Alikuwa ametoka shuleni kufundisha watoto kutambaa chini ya moshi, sasa anagawa vipeperushi nyumba kwa nyumba.

Kwangu alinusa hewa kwanza. Akauliza kopo la gundi linatafuta nini karibu na pasi. Akasema sponji ikishika, moshi wake unaua kabla moto haujafika. Alisema hivyo kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. Akauliza mlango wa pili uko wapi. Nikamwambia nyumba hii ilijengwa na mlango mmoja.

Akaandika. Akaandika tena. Kisha akanishukuru: kumbe hapa ndipo pa hatari kuliko pote mtaani, kwa hiyo mazoezi ya Ijumaa yatafanyika humu. Mbele ya watu wote. Pamoja na moshi.

Nikakaa kwenye kochi la mteja. Lilikuwa bado halijawekwa sponji ya kukalia.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejaribu kuugua. Mke wangu akanigusa paji la uso, akanipa ufagio.

Nimejaribu kumpeleka mama mkwe kwa shemeji. Amegoma kabisa. Afande amempa kazi, atakuwa mgonjwa aliyekwama juu. Anafanya mazoezi ya kulalama tangu asubuhi.

Kipeperushi nimekisoma mara saba. Lala chini. Tambaa. Usirudi kuchukua kitu. Gusa mlango kabla ya kuufungua. Mlango upi?

Kinyozi ameshawapangia wateja wake viti nje, wasikose hata kidogo.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika kwa shida. Kucha zote zinauma.

Mpango ulikuwa rahisi. Mlango wa mbele tuuhesabu umeungua. Mimi nipande kwa mama mkwe, tusubiri dirishani, watuteremshe kwa ngazi ya gari. Moshi ni wa mashine, haudhuru. Afande alirudia mara tatu.

Moshi ukaingia. Mweupe, mzito. Mkono wangu mwenyewe sikuuona. Nikasahau mashine, nikasahau dirisha. Mwili ulikumbuka kitu kimoja tu: nyuma kuna mlango! Nikaukimbilia. Nikapapasa. Kitambaa. Kitambaa. Kitambaa! Nikatafuta mshono nichane, nikaukosa, nilivyouficha kwa ustadi. Nikakwaruza kwa kucha huku nalia.

Juu, mama mkwe akaacha kulalama. Akaniita mwanangu, akaniambia nilale chini, nifuate sauti yake. Nikamjibu kwa ukelele kwamba tunakufa. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, kama moto ni wa kweli. Nikasikia bakora yake kwenye ngazi. Kidato kimoja. Kidato kingine. Anashuka kuniokoa, na miguu ile!

Ndipo fremu ikaniangukia, na sponji zote juu yake.

Wazimamoto walinivuta kwa miguu. Moshi ulipotoka, mtaa mzima ukauona mlango. Kinyozi alicheka mpaka akashika nguzo. Akauliza kama nashona na madirisha.

Afande hakucheka. Alimketisha mama mkwe, akampa maji. Kisha akaniuliza taratibu: ungekuwa moto wa kweli, nani angemtoa mama huyu humu leo? Mama mkwe alikuwa na kiatu kimoja mguuni, kingine kimebaki kwenye ngazi. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa ndani ya moshi.

Nimepewa hadi Jumatatu niwe nimeufungua mlango.

Jumamosi, 8 Machi

Wazimamoto wawili wamekuja, siku yao ya mapumziko, wakanisaidia kutoa sponji uani. Mlango ulilia kama mbuzi ulipofunguka. Jua likaingia mpaka kwenye ngazi.

Afande akawasha moto kwenye karai, akanifundisha mtungi. Vuta pini, elekeza shinani mwa moto, bana, fagia kulia na kushoto. Jaribio la kwanza lilimpaka kinyozi unga mweupe toka kichwani hadi miguuni. Si makusudi. Si makusudi sana.

Mama mkwe alishuka, akatoka uani, akarudi. Mara tano, mwenyewe, bila kushikwa. Nikamwapia mke wangu: hapa patakuwa na njia siku zote.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepita! Afande amesaini, akabandika cheti, akanipa mkono. Mkono wake mgumu kama ubao.

Saa tano wingu likatanda. Sponji ikilowa imeharibika, kila fundi anajua. Nimezirudisha mlangoni. Kwa muda tu! Na kiapo sijakivunja, njia ipo. Nimechunguza sana kosa la Ijumaa, nimelipata. Ukuta haukuwa na zipu! Sasa unayo, ndefu, imeshonwa kwa uzi mwekundu, hata kipofu ataipapasa. Nyuma yake nimekata tundu katikati ya sponji, mtu apite akitambaa, kama kipeperushi kinavyotaka. Nimelijaribu mwenyewe. Nilikwama mabegani kidogo, nikatoa pumzi, nikapita.

Mama mkwe ni mnene kuliko mimi. Jioni nitapanda na futi, nimpime. Akiuliza ni ya nini, nitasema namshonea gauni.