Makarius Kisiki na Dawa ya Sifongo

Bi Joha alikuwa hajamaliza hata kutugawia vikombe, hapo nyuma ya stesheni ya Kilosa, Nikolaus Redio akakunjua gazeti lililofika na treni. Nikolaus ni karani wa mizani kwenye shamba la mkonge, na akisoma lazima kijiwe kizima kinyamaze, utadhani yuko kanisani anasoma waraka.

"Wataalamu wa Marekani," akatangaza, "wamekuta kemikali za ajabu ndani ya sifongo la baharini. Wanazichunguza, huenda siku moja zikawa dawa."

"Sifongo lipi?" akauliza Gabrieli Injini, mchochea moto wa treni. "Lile analojisugulia meneja wenu bafuni?"

"Hilo hilo. Kumbe ni mnyama!"

"Toka hapa! Mnyama gani hana kichwa?"

"Hana kichwa, hana miguu, hana meno. Kajishikiza mwambani, hapo hapo mpaka kufa kwake."

Wote tukamgeukia Makarius Kisiki. Huyu bwana akishamaliza kukata mkonge wake wa siku, hukaa kwenye benchi la Bi Joha mpaka giza liingie. Na leo hakuwa na haki ya kukaa! Paa lake linavuja, wingu limefunga upande wa milima ya Mamboya, na mama mkwe wake anashuka kesho na treni ya Dodoma. Mkewe, Verdiana, ametamka mbele ya majirani: mama akilowa humo ndani, wanarudi Dodoma wote wawili. Mimi namwonea huruma huyo mama. Makarius hata kidogo.

"Mbona mnaniangalia?" akauliza.

"Tunamwangalia mnyama," Bi Joha akamjibu, akimmiminia kahawa.

"Redio, soma vizuri," Makarius akasema. " Kama hakimbii wala hang'ati, samaki hawamli?"

Redio akapitisha kidole kwenye mistari. "Wengine wana sumu mwilini. Samaki akionja, anatema."

Makarius akajipiga paja. "Mmesikia? Aliyetulia ndiye mwenye dawa! Nyinyi mnaohangaika huku na huku mmetengeneza nini? Wewe Gabrieli, kila wiki Dar es Salaam, kila wiki Tabora, una dawa gani?"

"Nina mke," akasema Gabrieli. "Wewe kesho kutwa sijui."

Tulicheka mpaka machozi. Makarius hakucheka. Alilitazama lile wingu, akashusha sauti. "Jamani, Verdiana hawezi kuniacha kweli. Eti?"

Hapo, nisiseme uongo, roho iliniuma kidogo.

"Si upande juu ukaezeke, bwana!" nikamfokea.

"Napanda. Nimalize kahawa kwanza."

Mara huyo Verdiana, kanga kaifunga kiunoni, mzigo wa nyasi kichwani, panga mkononi. Benchi zima tukakaa vizuri.

"Shikamoo, Bi Joha."

"Marahaba, mwanangu. Mumeo anatufundisha mambo ya bahari."

Makarius akawahi kujitetea. "Mama Fausta, hata gazetini wameandika! Kuna mnyama kazi yake kukaa tu, na ndani yake mna dawa. Wazungu wanamtafuta kweli kweli!"

Verdiana akatua mzigo. Wala hakugomba, na hilo ndilo lililotutisha. Akamgeukia karani.

"Shemeji Nikolaus, na hiyo dawa wanaipataje? Wanamsubiri aitoe mwenyewe?"

Redio akasoma kimoyomoyo.

"Hapana, shemeji. Wanambandua pale alipokaa, wanamkatakata, wanamsaga, halafu wanamkamua."

"Ahaa." Akamtazama mumewe kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Basi panga ninalo. Na kinu kipo nyumbani."

Makarius alikuwa keshajitwika nyasi.