Umeme Mzururaji Usijengewe Nyumba

Kijiji cha Ujamaa Rusuzi,
Kasulu.
14 Agosti, 1976.

Ndugu Mhandisi wa Umeme,

Natumaini u mzima, na jenereta yako pia, maana akiugua mmoja wenu sisi ndio tunaolala gizani.

Mimi ni Mwenyekiti wa Kamati ya Kupambana na Uzururaji. Fundi wako, Ndugu Hilali wa Tanga, amekuja na sanduku la bati liitwalo kapasita, anataka kulifunga kwenye mashine yetu ya kusaga. Nimemzuia, kwa sababu hizi:

1. Hilali amekiri mbele ya mkutano kwamba ndani ya waya mna umeme wa aina mbili. Mmoja unasaga mahindi. Wa pili unatoka kwenye jenereta yako huko bomani, unafika kwenye mota, unaisisimua kidogo, kisha unarudi zake bila kusaga hata punje. Kutwa ni kwenda na kurudi, na njia umeijaza. Ndugu, mtu wa namna hiyo sisi tunamkamata tunampeleka shamba la kijiji.

2. Nikauliza dawa yake. Eti sanduku likae karibu na mota, mzururaji arande hapo hapo kati ya viwili hivyo, asiijaze njia. Yaani mvivu anajengewa nyumba, tena ya bati, na mimi Mwenyekiti naezeka nyasi!

3. Nikataka afukuzwe kabisa. Hilali akasema bila yeye mota haizunguki. Kila mzembe niliyewahi kumkamata alijitetea hivyo hivyo.

4. Muuguzi Ernesta analalamika kwamba zahanati iko mwisho wa waya, na mashine ikisaga, taa ya chumba cha kujifungulia, kisicho na dirisha, hufifia hata haoni kitovu cha mtoto; Hilali anasema njia isipojazwa na mzururaji, taa itawaka vizuri. Namheshimu sana. Lakini mama zetu walituzaa bila volti hata moja, na tumekuwa wenyeviti.

5. Tukikubali hili, kesho vijana wote watadai masanduku. Nani atalima?

Naomba mzururaji huyo ateremshwe kwenye nguzo, akabidhiwe jembe. Akikaidi, apelekwe Kibondo kwa miguu; huko hakuna waya wa kumrudisha.

Wasalimie wote hapo bomani, hata wanaomwaga dizeli.

Wako katika vita dhidi ya uvivu,
Tharsisi Niyitegeka

N.B. Sijafunga bahasha, mke wangu Maximilla ameshikwa uchungu. Mashine inasaga na taa ya zahanati imebaki nyekundu kama kaa. Nimekimbia kuizima mashine, wanawake wa foleni wamenitimua kwa nyungo. Nimerudi, Ernesta naye amenitoa nje, ndiyo maana napata nafasi ya kuandika. Ndugu Mhandisi, naogopa. Hilali nimemshikia ngazi mwenyewe, analifunga sanduku sasa hivi. Kama unayo mengine, leta. Maximilla anapiga kelele kutoka ndani kwamba mzururaji abaki, nipelekwe shamba mimi.