Siku Bi Harusi Alipotoka Bandani

Shoga yangu Mama Rehema, funga mlango, kaa chini, halafu ndiyo usome. Wewe ndiye ninayekuamini, bora uyasikie kwangu kabla abiria wa basi la Kondoa hawajakufikishia huko Dodoma, Kikuyu, na chumvi juu.

Leo nimeumbuka.

Nimeumbuka mbele ya wazungu, mbele ya Mtendaji wa kijiji, mbele ya mume wangu. Na aliyeniumbua ni ng'ombe!

Hili shamba letu la Kolo limebadilika tangu uhame. Katikati ya mtama nimepanda milusina, ile miti ya majani laini ya kulishia mifugo. Pembeni migrivea ya kuzuia upepo, na mizinga ya nyuki juu. Baba Mwajabu haipendi hata kidogo. "Unalima kivuli," ananiambia. "Watoto watakula kivuli?" Anataka aikate yote apande alizeti, maana siku hizi kila kitu ruksa, malori ya wanunuzi yanafika mpaka mlangoni.

Tukabishana wee, mwisho tukaafikiana. Wale wageni wanaokuja kuangalia michoro ya mapangoni, niwaalike shambani mara moja tu. Waje wale mlenda na asali, waone miti. Wakipenda na wakasema wataleta wenzao, miti inabaki. Wasipopenda, kesho asubuhi shoka. Na shoka ameshalinoa. (Mwanaume huyu hajawahi kunoa jembe bila kukumbushwa. Shoka kalinoa mwenyewe, tena anaimba.)

Sasa nikujulishe kwa Bi Harusi. Ni ng'ombe wetu wa maziwa. Huku kwetu unajua mifugo kuzurura ni marufuku, makorongo ya mmomonyoko yalishatumaliza. Kwa hiyo ng'ombe anakaa bandani, analetewa kila kitu, hatoki, haonekani. Ndiyo jina likaja lenyewe. Kila asubuhi namkatia milusina, najitwika ungo kichwani, nampelekea. Dunia yake yote ni hiyo: mimi, ungo, majani.

Leo alfajiri nikaswali, nikamwomba Mungu anisitiri mbele ya wageni. (Nisitiri. Likumbuke hilo neno.) Nikashika panga, nikakata milusina mingi kweli kweli. Nikajenga upinde wa majani pale njia ya kuingilia, kama anakuja waziri. Nikasuka mashada ya shingoni ya wageni, la Mtendaji, la Baba Mwajabu. Langu nikalizungusha juu ya mtandio mpya alioniletea Mwajabu, nikabana na pini. Nilipendeza jamani! Mpaka Baba Mwajabu akaniangalia mara mbili.

Nikageuka kutafuta ya kumpa Bi Harusi. Hakuna hata tawi. Nikamwambia kupitia mwanya wa nguzo, "Vumilia mwanangu, wakiondoka wageni utakula."

Nilimwambia hivyo. Ng'ombe mwenye njaa. Nikiwa nimevaa chakula chake.

Gari likaja. Dereva ni Athumani, kijana wa Dodoma mjini, ndiye anayewatembeza wageni na kuwatafsiria. Akashuka bwana mmoja mzee, mweupe kama unga, na mkewe. Nikawavisha mashada. Mama akafurahi, akaninusa shingoni! Mtendaji akavaa lake, akatoa tumbo mbele. Baba Mwajabu akavaa lake kama mtu aliyefungwa kamba.

Nikasogea nianze hotuba. Kwa Kiingereza, shoga! Kile cha darasa letu la jioni. Nilikuwa nimekariri wiki nzima, sentensi moja ya miti, moja ya nyuki, moja ya mbolea.

Nikafungua mdomo.

Kraaa!

Nguzo ya banda. Bi Harusi huyo, katoka.

Alianza na upinde. Akaushusha wote chini akautafuna, wageni wakapiga picha. Nikasema moyoni, afadhali, atashiba hapo. Wapi! Akamfuata yule bwana mzee akaanza kumlia shada shingoni, taratibu, kama kinyozi. Mzee akasimama wima, macho kayafumba, anacheka.

Mtendaji yeye hakucheka. Alipoona pembe zimegeukia upande wake alitimua mbio, na ng'ombe akiona majani yanakimbia, anayafuata. Mtendaji akaingia jikoni kwangu, akabana mlango, akaanza kutangaza kupitia dirishani: "Mama Mwajabu! Mifugo kuzurura ni kosa! Sheria ya kijiji!"

"Toka nje umkamate basi!" nikamjibu.

"Nimeshasema!"

Ng'ombe akaachana na jikoni. Akamwona Baba Mwajabu. Sijawahi kumwona mume wangu akikimbia vile, hata nyuki walipomvamia. Akaufikia mgrivea, akapanda. Mama Rehema, yule baba ana magoti mabovu! Kila siku namsikia anaugulia akiinuka kwenye mkeka. Leo kapanda mti na kanzu.

Nikabaki mimi. Na lile shada kubwa kuliko yote.

"Bi Harusi," nikamwambia kwa upole, "ni mimi mama yako."

Ndiyo kwanza akachangamka. Mama yake, majani kichwani, kama kila asubuhi. Akalishika shada, akavuta. Pini ikaachia. Shada likaenda, na mtandio ukaenda nalo. Kichwa wazi! Mbele ya wanaume! Nikanyakua ungo uliokuwa ukutani nikajifunika nywele.

(Mtu mwenye akili angefunika kwa kanga. Kanga zilikuwa jikoni na Mtendaji.)

Ng'ombe akaona ungo kichwani, akatulia. Hapo nikapata wazo: nikienda bandani, atanifuata, si ndiyo mazoea yetu? Nikaanza kutembea polepole, ungo kichwani. Bi Harusi nyuma yangu, anatafuna mtandio, pindo linaning'inia mdomoni. Nikasikia makofi. Kugeuka, wazungu wamejipanga nyuma ya ng'ombe, wanapiga makofi na kuyumba mabega. Tunakwenda wote. Harusi kamili!

Pale mlangoni mwa banda kuna shimo la samadi. Nimelichimba mwenyewe. Nalijua lilipo. Lakini ukitembea umegeuka nyuma kuangalia wazungu wanacheza, hulioni.

Nikaingia. Nikakaa, mpaka kiunoni.

Hotuba yote imenitoka kichwani. Ikabaki sentensi moja tu, nikaona aibu kukaa kimya mbele ya wageni, basi nikaitoa kwa Kiingereza safi, ungo bado kichwani: "Hii ni mbolea yetu, na haina kemikali."

Walipiga makofi mpaka Bi Harusi akarudi bandani mwenyewe.

Nikaoga. Nikarudi nikawakuta wanakula mlenda, wanaramba asali vidoleni. Athumani akanifuata.

"Shikamoo mama. Wageni wanauliza, hii ngoma ya ng'ombe huwa saa ngapi?"

"Waambie ilikuwa ajali, mwanangu. Siwezi kuwadanganya watu."

Akawaambia. Wakacheka zaidi. Wakasema hata bila ng'ombe, miti na asali vimewatosha, na wenzao walioko Dodoma watawaleta wiki ijayo.

Nikaenda chini ya mgrivea.

"Baba Mwajabu, shuka. Wameahidi kuleta wengine."

"Ng'ombe kafungwa?"

"Kafungwa. Nikuletee shoka huko huko juu?"

Akajaribu kushusha mguu mmoja, akaurudisha juu.

"Acha maneno, Mama Mwajabu. Lete ngazi."

Jioni hii shoka limefanya kazi. Ananichongea nguzo mpya ya banda, na safari hii haimbi. Miti yangu imepona, alhamdulillahi. Mtandio haujapona. Bi Harusi anacheua hadi sasa, na mimi namwangalia anavyocheua kitu cha bei.

Basi shoga, wasomee na wenzetu wote wa darasa la jioni, maana kijiji kizima kishajua, nifiche nini? Wacheke tu. Ila yeyote anayepanga kuja kututembelea, mwambie mapema: asivae kijani.