Kuhusu Mwana wa Mfalme Aliyefunika Cherehani cha Mke Wangu

Kwa Bwana Meneja wa Jumba la Sinema,
Mtaa wa pili kutoka dukani kwangu.

Mheshimiwa Meneja,

YAH: OMBI LA KUSHUSHWA FILAMU YA KIHINDI KABLA HAIJAMALIZA NYUMBA ZA WATU

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini u mzima wewe na jamaa zako. Mimi si mzima. Mimi ni fundi wa nguo, nina duka lenye vyerehani viwili, kimoja changu na kimoja cha mke wangu, na tumeshona tukipeana migongo miaka kumi na tisa bila ugomvi wa maana. Jumamosi iliyopita, onyesho la saa kumi, ulituonyesha ile filamu ya enzi za wafalme, ya mwana wa mfalme anayempenda mdarizi wa mapazia ya kasri. Jumatatu mke wangu alifunika cherehani chake kwa shuka akahamia kwa dada yake. Hajarudi. Madai yangu ni haya yafuatayo:

1. Filamu ina saa tatu na nusu. Tulikuja kupumzisha miguu tu, lakini hata mapumziko hayajafika nilikuwa nimeshalia mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya wapenzi, mara ya pili kwa ajili ya pindo la sketi. Bwana Meneja, lile pindo! Zari ya mkono, upana wa kiganja kizima! Yule mdarizi alipoanza kuzunguka kwenye ukumbi wa vioo nilihesabu vipande arobaini na viwili vya kitambaa kabla macho hayajaniishia nguvu. Mtu wa kazi yangu haonyeshwi kitu kama kile bila kuonywa mlangoni.

2. Mke wangu alikulia kwenye filamu za Kihindi za zamani, zile za nyeusi na nyeupe, na amezihifadhi kichwani zote. Basi muda wote ananinong'oneza. Ngazi zile zimetoka kwenye filamu za ujana wa mama yake. Shela linalopeperuka ndani ya chumba kisicho na dirisha ni heshima kwa wakongwe. Ua likikatiza mbele ya nyuso mbili, nijue kwamba hapo ndipo wapenzi wa zamani walipobusiana bila sisi kuona. Wimbo ulipoanza kwa sitari peke yake, alinishika mkono akasema, "Huyu mwongozaji amelelewa, hakuokotwa." Alinishika mkono mbele za watu! Nilijifanya natafuta kiatu.

3. Jumapili nilikuwa na oda ya shule, sketi hamsini za marinda, rangi ya buluu. Nilikata jora zima huku nikiimba ule wimbo, ingawa maneno yake siyajui. Nilipozinduka nilikuta nimekata sketi nne, kila moja vipande arobaini na viwili. Mwalimu mkuu, mama makini asiyecheka hata siku ya mahafali, alikuja Jumanne akaziangalia kwa muda mrefu, kisha akauliza wanafunzi watapitaje mlangoni. Nilipoinama kuokota sindano nikamwona amejiwekea sketi moja kiunoni, anazunguka taratibu, akidhani simwoni.

4. Hili ndilo kubwa. Kwenye filamu, mfalme anamtaka mwanawe achague kati ya kiti cha enzi na mdarizi. Kijana anasimama mbele ya baraza zima, mawaziri, majemadari na tembo wawili, anasema anampenda. Anasema mara tatu, na ya tatu anaimba! Tulipofika nyumbani mke wangu akaniuliza, "Wewe uliwahi kuniambia?" Nikamjibu kwamba nimekitia mafuta cherehani chake kila Ijumaa kwa miaka kumi na tisa. Akasema hakuuliza habari za mafuta. Jumapili nzima akangoja. Nilifungua mdomo mara kadhaa, yakatoka mambo ya vifungo.

5. Nakuuliza, hiyo ni haki? Yule kijana ana mishumaa elfu, wapiga tabla kumi na wawili na mtu wa kumwandikia maneno. Mimi nina feni inayokwaruza. Kweli nisimame katikati ya duka, futi ikining'inia shingoni, niseme kwamba nisipokisikia cherehani chake najichoma sindano? Kwamba tangu Jumatatu nimegeuza kiti changu, nashona nikitazama kiti chake kitupu? Kwamba nampenda, nilimpenda kabla hatujawa na cherehani cha pili, na nilikinunua ili asiende kushona kwingine? Mambo kama hayo hayasemwi. Yanajulikana.

6. Kwa hiyo naomba filamu ishushwe kabla ya Ijumaa. Ikishindikana, baraza likatwe. Ikishindikana hilo nalo, sauti izimwe kijana anaposimama, tubaki na nguo tu. Na yote yakishindikana, waume wa umri wangu watolewe nje wakanywe maji, na mfalme, ambaye ndiye pekee mwenye akili humo ndani, aongezewe muda.

Nisalimie mama wa tiketi, mwendesha mitambo kule juu, na wote waliolia safu ya tatu.

Wako mwenye kinyongo na heshima,
Fundi Marinda

Baada ya sahihi: Barua zote za dukani hunakiliwa na mke wangu, maana mwandiko wake ndio unaosomeka. Ilibidi nimpelekee hii kwa dada yake. Leo asubuhi ameirudisha mwenyewe, bila kuinakili. Anasema imeshamfikia aliyeandikiwa. Ametoa shuka, amekaa kitini pake, ila alitaka kwanza nisome namba tano kwa sauti, mbele ya mwalimu mkuu aliyekuwa amefuata sketi. Nimesoma mara tatu. Ya tatu sijui niliifanyaje, lakini mwalimu mkuu alipiga makofi. Kwa hiyo, Bwana Meneja, filamu hiyo usiiguse. Tunaomba viti vitatu Jumamosi, na kimoja kiwe cha pembeni, kwa sababu mwalimu mkuu anakuja na sketi yake, nayo inahitaji nafasi.