Saa Kumi na Nne Kutoka Toronto

Jumapili, 6 Julai 2025

Baba amefariki jana. Naandika huku nalia. Aliacha neno moja tu: udongo wa kwanza autupe Sebastiani, kaka yangu, mzaliwa wa kwanza, aliyeko Toronto mwaka wa kumi na moja. Binamu Nicodemo, dereva, ameshauri kaburi lisichimbwe mpaka Sebastiani apige simu akiwa Karatu, njiani kutoka uwanja wa ndege. Kila kitu Nicodemo! Safari hii hapana. Nina simu yenye intaneti.

Jumatatu, 7 Julai

Nimepata! Toronto mpaka Kilimanjaro, kilomita elfu kumi na mbili na ushei. Ndege inakwenda mia tisa kwa saa. Saa kumi na nne basi! Kaka ametuma meseji, anaruka leo saa tano usiku, saa za kwetu. Kesho saa saba mchana yuko chini, saa tisa tunazika hapa Tlawi. Nimewaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, nikawasomea namba. Wamekubali. Nicodemo akauliza kama ndege itatua kwenye shamba letu la ngano. Watu wakacheka, msibani! Akauliza pia kama nimemwuliza Sebastiani mwenyewe njia anayopita. Ya nini? Mtu amefiwa. Mama hakucheka. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika.

Jumanne, 8 Julai

Asubuhi vijana wa Nambis, kijiji jirani, wamechimba kaburi. Mwili umeletwa. Saa saba, simu ya Sebastiani haipatikani. Dalili nzuri, nikawaambia, bado yuko hewani. Saa nane, meseji: yuko Doha, anasubiri ndege ya pili kwa saa tisa. Ndege ya pili! Nani aliitaja?

Nikaomba tusubiri kesho. Baba mdogo Agustino akasema kaburi lililochimbwa halilali wazi, litadai mtu mwingine. Akasema na aliyelichimbisha ni mimi. Saa kumi na moja tukamzika Baba. Udongo wa kwanza nilipewa mimi, mikono ikakataa. Akatupa Nicodemo. Mama alikuwa anaangalia barabarani. Nimejichukia sana.

Jumatano, 9 Julai

Sebastiani amefika saa nne asubuhi. Nicodemo alimfuata uwanjani, saa tano za barabara, hakuniaga. Kaka akachota udongo, akakosa pa kuutupa, akautia mfukoni mwa koti. Mimi kanisalimia kwa jina tu. Afadhali angenipiga.

Ijumaa, 11 Julai

Mama hainuki, presha. Ametuita, akasema siku yake ikifika mipango yote ashike Nicodemo, mimi nisiguse simu. Mbele ya mashemeji! Nikaitikia ndiyo Mama.

Nimepiga hesabu upya, kimya kimya. Saa kumi na nne za kuruka, saa tisa za Doha. Ishirini na tatu. Saa ya ishirini na nne tunazika. Nimeiandika nyuma ya kalenda ya parokia, juu ya kitanda cha Mama. Safari hii hakuna nilichosahau.