Beseni Nyekundu ya Madaktari

Jumatatu, 3 Machi 2003
Madaktari wageni wamefika hospitali. Shule walimaliza kitambo, sasa wanasoma tena wawe mabingwa wa magonjwa ya kuambukiza. Mimi darasa la nne lilinitosha. Mwalimu wao, Dokta Wacera, amekuja hapa getini kwa hoteli zetu akasema wataonja kwangu, Kwa Nzuki, na kwa jirani yangu Wavinya, halafu Ijumaa achague hoteli moja ya kuwalisha mpaka kozi iishe. Hiyo kazi ni yangu. Wavinya ajipange.

Jumanne, 4 Machi
Leo nimeshinda Wavinya akili. Yeye ananawisha wateja na jagi. Maji inapita mkononi, inaanguka chini, imeenda! Na hapa Machakos maji tunanunua kwa mwenye punda. Mimi nimeleta beseni kubwa nyekundu, maji ndani, na kifuniko kimoja cha dawa ya kuua viini, ile inanukia kama wodi. Maji ikawa nyeupe kama maziwa. Fundi wa gari ananawa hapo, mwenye punda hapo, daktari hapo, maji ni ile ile tangu asubuhi. Dokta Kiama, mmoja wa wale wageni, akauliza naibadilisha saa ngapi. Nikamwambia nikiibadilisha dawa itapotea. Akacheka. Lakini matumbo ya ng'ombe ilikuwa inanukia kwa sufuria, njaa ikamshinda, akanawa. Alirudia ugali.

Jumatano, 5 Machi
Mambo mbaya. Dokta Kiama na wenzake waliokula kwangu wamelazwa kwa wodi yao wenyewe. Tumbo inawakimbiza. Fundi pia, na mwenye punda. Wavinya ameniuliza, kwa sauti ya kufika sokoni, kama siku hizi napika na sabuni. Nimemjibu tumbo ya msomi ni nyepesi. Akauliza mwenye punda naye amesoma mpaka wapi. Mtu mzima hajibizani na jagi.

Alhamisi, 6 Machi
Dokta Wacera amesema ugonjwa umewaletea somo mlangoni: wenye wako wazima wautafute umetoka wapi. Nikajitolea kuwaonyesha njia. Nikawapitisha kwa Wavinya kwanza, nikawaonyesha nzi wake mmoja mmoja. Hawakuandika. Kila mgonjwa waliuliza alikula wapi. Kwa Nzuki. Na wewe? Kwa Nzuki. Nikaona matumbo yangu inasingiziwa, nikaleta shahidi: Titus, dereva wa ambulensi. Nikawaambia huyu anakulanga kwangu kila siku na kijiko, haraka haraka, hajawahi kunawa tangu nimjue, na muone vile ako mzima! Madaktari wote wakageuka, wakaangalia beseni.
Titus aliomba wasiambie bibi yake hiyo ya kunawa.

Ijumaa, 7 Machi
Wavinya amepewa kazi. Ameniletea chai ya pole, ilikuwa tamu, imeniuma sana. Dokta Wacera hakunigombeza. Alisema matumbo haina makosa, ni mikono yote kuingia maji moja. Maji ya kunawa lazima itiririke. Nikiweka mfereji wa kufungulia maji atakuja kuangalia, na nikipita, Alhamisi zitakuwa zangu kuwalisha. Nikamwambia daktari, nimeelewa kabisa.

Jumatatu, 10 Machi
Nimepita! Nimenunua pipa, fundi akanitobolea, akanifungia mfereji. Dokta Wacera amenawa, maji ikatiririka, akaita wanafunzi wote waone mtu anayesikia mafunzo. Dokta Kiama amepona, amenisalimia kwa mkono. Wavinya alisimama kwa mlango na jagi yake. Raha!
Beseni sikutupa. Nimeiweka chini ya mfereji, ikinge. Wavinya amwage kama tajiri. Mimi ikijaa naibeba nyuma ya jikoni, narudisha kwa pipa, inatiririka tena vile daktari alisema. Na dawa nimeongeza, sasa ni vifuniko viwili. Alhamisi wakuje na njaa.